Umebaguliwa kazini Marekani: uende EEOC au utumie sheria ya jimbo lako?

Chukua dada wanne, wote wanalea wazee kwenye grupu homu, wote wametoka kwetu Afrika Mashariki, na wote wamefukuzwa wiki moja kwa maneno yanayofanana. Supavaiza mpya alikuwa anawacheka lafudhi, akawakataza kuongea Kiswahili hata wakati wa kula, akasema nywele zao za kusuka hazifai kazini, wakalalamika kwa bosi, siku chache baadae wakaambiwa huduma yao haihitajiki tena. Mmoja yuko San Diego, mwingine Lowell kule Massachusetts, wa tatu Houston, wa nne Atlanta. Kosa ni lile lile. Sasa ukiuliza nani ana kesi, nani anaweza kulipwa nini na ana siku ngapi za kulalamika, unapata majibu manne tofauti kabisa, na tofauti hiyo inatokana na jimbo walilokuwa wanafanyia kazi na idadi ya watu kwenye peirolo ya yule bosi.

Wengi wetu tunakuja huku tukiamini serikali kuu ndiyo yenye meno, kwa hiyo mtu akibaguliwa anaambiwa "nenda EEOC", ile tume ya shirikisho ya usawa kazini, alafu ofisi ya jimbo inaonekana kama ofisi ya kata tu ya kwenda kugongewa muhuri. Kwa mambo ya ubaguzi kazini mara nyingi mambo yako kinyume chake. Sheria ya shirikisho imeweka kiwango cha chini, majimbo yanaruhusiwa kuongeza juu yake, na yapo yaliyoongeza sana na yapo ambayo hayajaongeza hata nukta. Mimi sio loya na haya hayachukui nafasi ya loya, ila ukienda kwa loya ukiwa umeshayajua utaokoa muda wake na hela yako.

Kwanza mmekuwa wangapi pale kazini

Sheria kubwa ya shirikisho ya kukataza ubaguzi kazini, ile Title VII ya mwaka 1964, inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Ya ulemavu nayo ni 15. Ya umri, inayolinda wenye miaka 40 na zaidi, inataka 20. Sasa grupu homu nyingi watu wetu wanazofanyia kazi zina watu wanane, tisa, kumi. Tuseme hizi nne kila moja ina watu tisa. Hapo EEOC imeshafunga mlango kwa wote wanne kabla hata hawajaeleza wamefanywa nini.

Ila usikate tamaa haraka kwenye kuhesabu. Wa patitaimu wanahesabika, na kinachohesabiwa ni kampuni, sio nyumba, kwa hiyo mama mwenye grupu homu tatu chini ya kampuni moja anaweza kuwa na watu 24 na wewe unawajua tisa tu unaopokezana nao shifti. Sheria inataka hao 15 wawepo kwa wiki 20 ndani ya mwaka uliobaguliwa au uliotangulia. Uliza majina, angalia gruupu ya kupangia shifti.

Tukirudi kwenye watu tisa kweli. San Diego hana shida, sheria ya California, FEHA, inaanzia wafanyakazi 5, na ikiwa ni unyanyasaji inaanzia hata mfanyakazi mmoja. Lowell pia yuko ndani, sheria ya Massachusetts, sura ya 151B, inaanzia 6. Houston hapana: sura ya 21 ya sheria ya kazi ya Texas imenakili 15 ya shirikisho, isipokuwa unyanyasaji wa kingono ambao tangu Septemba 2021 unamgusa mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja. Na Atlanta ndio kabisa, Georgia haina sheria ya jumla ya ubaguzi kazini kwa kampuni binafsi, iliyopo ni ya waajiri wa serikali. Ukisikia mtu wa Atlanta anakuambia "nitawashtaki kwa sheria ya jimbo" na alikuwa anafanya kazi kampuni binafsi, mwambie polepole akae chini kwanza.

Wa Houston na wa Atlanta wamebaki na nini? Milango miwili ambayo watu wengi hawaijui, na nashangaa haitajwi zaidi.

Wa kwanza ni sheria ya mwaka 1866, iliyotungwa baada ya utumwa kufutwa, inaitwa Section 1981. Hiyo haihesabu wafanyakazi, haina haja ya kupita EEOC, unaenda mahakamani moja kwa moja, muda wake ni miaka minne, na fidia haina kikomo. Masharti yake ni mawili. Inahusu rangi na asili ya kabila au ukoo, nchi uliyotoka peke yake haitoshi. Yaani "alinifukuza kwa sababu ni Mkenya" haitoshi, "alinifukuza kwa sababu ni mtu mweusi, Mwafrika" inaingia. Alafu tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani wa 2020 lazima uonyeshe kwamba isingekuwa rangi yako usingefukuzwa, na hilo ni gumu zaidi kuliko kuonyesha tu kwamba rangi ilichangia. Hata kulipiziwa kisasi kwa kulalamika kuhusu rangi kumo humo.

Mlango wa pili ni kitengo cha Wizara ya Sheria kinachoshughulikia haki za wahamiaji kazini, kinaitwa IER. Hiki kimetengenezewa pengo hili hili: ubaguzi wa asili ya taifa kwa mwajiri mwenye watu 4 mpaka 14, kwenye kuajiri na kufukuza. Na kuna kingine wanachoshughulikia ambacho kinawapata watu wetu kila siku, mwajiri anadai lazima ulete grinikadi wakati una kibali halali cha kazi, au anakukataa kwa sababu kibali kina tarehe ya kuisha. Wewe ndiye unayechagua karatasi gani za kuonyesha kutoka kwenye orodha ya serikali, sio yeye. Ila muda wao ni siku 180, hautoshi kwa mtu anayetaka kwanza kushauriana na ukoo mzima.

Siku zinavyokimbia

Hapa ndipo kesi nyingi nzuri zinafia, kwa hiyo soma taratibu.

Muda wa kawaida wa EEOC ni siku 180, unaongezeka mpaka 300 kama jimbo lako lina sheria na ofisi yake ya ubaguzi. Ndio maana wa Atlanta ana 180 tu. Wa Houston ana mtego: kwa EEOC anapata 300, lakini malalamiko ya sheria ya Texas kwenye Texas Workforce Commission, tume ya kazi ya jimbo, ni 180, kwa hiyo akisikia "una siku 300" akatulia, siku ya 181 amepoteza nusu ya kesi yake bila kujua. Wa Lowell ana 300 kote kuwili, EEOC na MCAD, ile tume ya Massachusetts. Wa San Diego ana 300 kwa EEOC na miaka mitatu kwa Civil Rights Department ya California, ofisi ya jimbo ya haki za kiraia, muda huo uliongezwa kuanzia Januari 2020, zamani ulikuwa mwaka mmoja.

Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zinahesabiwa ndani. Na unaanza kuhesabu siku gani? Kwa sheria ya shirikisho ni siku uliyoambiwa, sio siku ya mwisho ya kazi. Ukipewa barua tarehe 1 Machi kwamba kazi inaisha 31 Machi, saa imeshaanza kugonga tarehe 1. California wao wanahesabu tangu kazi ilipoisha kweli, upole mwingine huo. Mimi ningehesabu kwa njia kali popote nilipo, hakuna aliyewahi kuumia kwa kuwahi.

Na kitu kingine, kulalamika HR, yaani ofisi ya wafanyakazi ya kampuni, hakusimamishi saa. Wala grivansi, yaani lalamiko kupitia yunioni ya wafanyakazi, kwa upande wa shirikisho. HR wanaweza kukuambia "tunachunguza, tupe muda" miezi saba, wala sio lazima wawe na nia mbaya, ila siku ya mwisho ikipita imepita.

Baada ya kulalamika kuna saa ya pili. EEOC wakikupa barua ya ruhusa ya kushtaki una siku 90 kufungua kesi mahakamani. Texas wanakupa 60, na juu ya hapo lazima uwe umefungua ndani ya miaka miwili tangu ulipolalamika, hata kama ofisi imelala. California barua yao inakupa mwaka mzima. Massachusetts wana utaratibu wao, husubiri barua, zikipita siku 90 tangu ulalamike MCAD unaweza kuihamishia kesi mahakamani mradi isizidi miaka mitatu tangu tukio.

Kiswahili wakati wa kula, na zile nywele

Sehemu hii naipenda kwa sababu tofauti ya majimbo inaonekana wazi kuliko pengine popote.

California sheria yao inataja lugha yenyewe. Mwajiri hawezi kuweka kanuni ya Kiingereza tupu bila sababu ya lazima ya kibiashara na bila kuwatangazia wafanyakazi, na kwenye kanuni za jimbo wameandika kabisa kwamba wakati usio wa kazi, brekini na lanchi, kanuni kama hiyo haikubaliki hata siku moja. Lafudhi nayo imo, hawezi kukunyima kazi kwa lafudhi mpaka aonyeshe inazuia kweli kazi yenyewe kufanyika. Mtu anayewaogesha wazee, anawapa chakula, na wazee wenyewe wanamuelewa na wanamuita kwa jina, supavaiza ataonyesha nini?

Texas sasa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia Texas ilisema tangu 1980 kwamba mtu anayejua lugha mbili akikatazwa moja hajabaguliwa, manake anaweza kuchagua kuongea Kiingereza. EEOC wao kwenye kanuni zao wanasema kanuni ya Kiingereza saa zote inahesabiwa kuwa ya kibaguzi mpaka mwajiri ajitetee, lakini kanuni ya EEOC na jaji wa Houston ni vitu viwili. Alafu Aprili 2025 rais Trump alisaini amri ya kuzitaka ofisi za shirikisho ziache kuweka nguvu kwenye kesi za aina hii, za kanuni inayoonekana sawa kwa wote lakini inawaumiza kundi fulani. Amri hiyo haikufuta sheria za majimbo. Na wala ile amri ya Machi 2025 ya kufanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani haimpi mwenye grupu homu ruhusa ya kukufukuza kwa kusema "mambo vipi" na mwenzako mkila ugali, ila wapo watakaojaribu kukuambia hivyo.

Nywele: California ndiyo ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria ya kulinda mitindo ya nywele inayoendana na rangi, mwaka 2019, kusokota, dredi, kusuka na kadhalika. Massachusetts ikafuata 2022. Texas, na hii inawashangaza wengi, nayo ipo, tangu Septemba 2023, ila imo ndani ya ile ile sura ya 21 kwa hiyo unarudi kwenye watu 15 na dada yetu wa watu tisa haimsaidii. Georgia hakuna ya jimbo, na mahakama ya rufaa inayoisimamia ilishaamua 2016, kwenye kesi iliyotoka Alabama, kwamba kukataa dredi sio ubaguzi wa rangi kwa Title VII. Kwa hiyo wa Atlanta hoja ya nywele asiifanye nguzo, aitumie kuonyesha supavaiza alikuwa mtu wa aina gani.

Dini naipitia haraka. Tangu 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani imefanya iwe ngumu kwa mwajiri kukataa kukupangia muda wa swala au siku ya ibada kwa kisingizio cha usumbufu mdogo, lazima aonyeshe gharama kubwa kweli kwa biashara yake, na hiyo inafika majimbo yote ukiwa kwenye kampuni ya watu 15. California wameongeza kwamba kukuficha nyuma usionekane na wateja kwa sababu ya hijabu sio suluhisho.

Hela

Sasa badilisha mfano, tuseme wamefanya kazi nasingi homu kubwa ya watu 150, maana hapo ndipo wote wanne wana haki ya kwenda EEOC na unaweza kuwalinganisha sawasawa.

Mishahara uliyopoteza inalipwa kote bila kikomo cha sheria. Kinachokatwa ni fidia ya maumivu ya moyo na ile ya kumuadhibu mwajiri. Kwa shirikisho, hizo mbili zikijumlishwa pamoja hazizidi dola 50,000 kama kampuni ina watu 15 mpaka 100, dola 100,000 kwa 101 mpaka 200, dola 200,000 kwa 201 mpaka 500, na dola 300,000 kwa zaidi ya hapo. Viwango hivi viliwekwa 1991 na havijaguswa tangu hapo, fikiria mwenyewe dola ya 1991 ilikuwa inanunua nini. Juri, lile baraza la wananchi wanaoamua kesi, likikupa dola milioni moja kwa uchungu, jaji anaipunguza mpaka 100,000.

Texas wamenakili viwango vile vile. California havipo. Massachusetts havipo, ila jua hili: MCAD wenyewe wanaweza kukupa fidia ya maumivu lakini ile ya adhabu inatolewa mahakamani tu, kwa hiyo anayefikiri kesi yake ni ya kutisha huwa anaihamisha. Wa Houston na wa Atlanta njia yao ya kutoka kwenye kikomo ni ile ya 1866, kama hoja ni rangi.

Kuna sababu nyingine mawakili wa California wanapenda kufungua kesi ya sheria ya jimbo peke yake na kuacha kabisa madai ya shirikisho. Ukiweka hata dai moja la shirikisho mwajiri anaweza kuivuta kesi mpaka mahakama ya shirikisho, na kule wananchi wa baraza lazima wakubaliane wote. Mahakama ya jimbo California wanatosha 9 kati ya 12. Texas 10 kati ya 12. Kumshawishi mtu wa mwisho mmoja mgumu ni kazi, na mwajiri anaijua hiyo hesabu kuliko wewe.

Loya wengi wa upande wa wafanyakazi wanachukua kesi bila malipo ya mwanzo, wanakata theluthi au mpaka asilimia 40 ukishinda. Na ukishinda, sheria zote hizi zinamruhusu jaji kumwambia mwajiri alipe gharama za loya wako. Ndio maana kesi yenye fidia isiyo na kikomo ni rahisi kupata loya, na ya watu 16 kwenye grupu homu ya Atlanta inabidi upige simu nyingi. Sio kwamba kesi ni mbovu, hesabu ya loya ndiyo inakataa.

Ofisi zenyewe zinavyofanya kazi

Kulalamika ni bure kote. EEOC unaanzia mtandaoni au namba 1-800-669-4000, wanakuhoji, wanaandaa lalamiko, unasaini, mwajiri anajulishwa ndani ya siku 10. Wanaweza kuwaita pande zote kwenye usuluhishi wa hiari, na hapo kesi ndogo nyingi zinaishia na cheki. Zisipoisha wanachunguza, na mara nyingi mwisho wake ni karatasi inayosema wanafunga faili na haki yako ya kwenda mahakamani iko palepale. Jamani karatasi hiyo haimaanishi umeshindwa! Wapo wanaoitupa wakidhani serikali imesema wamedanganya, kumbe ndiyo tiketi yenyewe na siku 90 zinakimbia.

California wana chaguo la barua ya haraka, unaomba mtandaoni unaipata hapo hapo bila uchunguzi wowote. Ni nzuri sana kwa mwenye loya tayari. Kwa asiye na loya ni kujinyonga kidogo, maana ofisi haichunguzi tena na wewe una mwaka mmoja wa kuhangaika peke yako. Na ukipewa barua na EEOC usidhani inatosha kwa kesi ya sheria ya California, chukua na ya jimbo.

Massachusetts hakuna njia ya mkato, lazima upite MCAD kwanza. Mwajiri anajibu kwa maandishi, wewe unajibu majibu yake, mchunguzi anaangalia kama kuna sababu ya kuamini ubaguzi ulitokea. Wakisema ipo na huna loya, loya wa tume ndiye anayeibeba mbele ya msikilizaji. Kwa mtu wa mshahara wa CNA, msaidizi wa nesi, hicho ni kitu kikubwa, na kwa kweli kama ningekuwa sina senti na sina loya, kati ya majimbo haya manne ningechagua kuwa Lowell kabla hata ya San Diego.

Mara nyingi ukilalamika ofisi moja unaweza kuomba lalamiko liandikwe na kwenye nyingine, wana makubaliano ya kushirikiana. Iombe kwa maandishi na uhakikishe imefanyika ndani ya muda ule mfupi zaidi. Wa Houston hasa, zile 180.

Kwenye fomu watu wetu wanakosea sehemu moja, wanaandika "supavaiza ananidharau, hana heshima". Hakuna sheria ya Marekani inayokataza bosi kukosa adabu. Andika kilichosemwa, lini, nani alisikia, na uunganishe na rangi, asili, dini, jinsia. Weka alama ya rangi NA ya asili ya taifa zote mbili kama zote zinahusika, na ya kulipiziwa kisasi kama ulifukuzwa baada ya kulalamika. Hiyo ya kisasi usiisahau, ndiyo inayoongoza kwenye malalamiko ya EEOC nchi nzima, na inaweza kusimama hata kama ubaguzi wenyewe umeshindwa kuuthibitisha, mradi ulilalamika kwa nia njema na kwa sababu ya msingi.

Hali ya karatasi zako za uhamiaji haikunyimi ulinzi wa sheria za ubaguzi. Kinachoweza kupungua kwa shirikisho ni baadhi ya malipo, kama mishahara ya muda ambao hukuwa na ruhusa ya kufanya kazi. California imeandika kwenye sheria kwamba hali hiyo haina uhusiano na kama mwajiri ana kosa au hana. Ila kama huna karatasi ongea na loya kabla ya kujaza chochote.

Ulichosaini na ulichorekodi

Siku ya kwanza kazini ulibofya bofya fomu kwenye kompyuta, moja wapo inaweza kuwa makubaliano ya arbitresheni, kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na mtu wa kulipwa badala ya mahakama. Hayo hayakuzuii kulalamika EEOC au ofisi ya jimbo, yanazuia mahakama tu. Na kama ni unyanyasaji wa kingono, sheria ya shirikisho ya Machi 2022 inakupa wewe uamuzi wa kwenda mahakamani hata kama ulisaini.

Wakikupa hela ya kuachia kazi na karatasi ya kusamehe madai, usisaini siku hiyo. Mwenye miaka 40 na zaidi, ili msamaha wa madai ya umri uwe halali, lazima apewe angalau siku 21 za kufikiria na 7 za kubadili mawazo hata baada ya kusaini. California wanataka angalau siku tano za kazi kwa kila mtu, na wakuambie una haki ya kumuona loya.

Kurekodi kwa siri ndipo ushauri wa rafiki wa jimbo lingine unakuweka pabaya. Texas na Georgia unaruhusiwa kurekodi mazungumzo ambayo wewe mwenyewe umo. California mazungumzo ya faragha yanahitaji wote wakubali, na Massachusetts kurekodi mtu kisirisiri ni kosa la jinai. Kwa hiyo binamu wa Houston akikuambia "weka simu mfukoni urekodi" na wewe uko Lowell, umetoka kuwa mlalamikaji unaenda kuwa mshtakiwa. Wa Lowell na wa San Diego waandike. Ukitoka kwenye kikao jitumie emaili palepale kwenye anwani yako binafsi, sio ya kazini, maneno yaliyosemwa na saa, hiyo inakaa na tarehe yake.

Hifadhi meseji, ratiba za shifti, tathmini zako za zamani zilizokuwa nzuri kabla huyo supavaiza hajafika, majina ya wenzako waliofanya kosa kama lako wakaachwa. Ila mafaili ya wazee usiyaguse, wala usipige picha chati ya mgonjwa hata kama jina lake linakusaidia kuthibitisha ulikuwa zamu, maana faragha ya mgonjwa ina sheria yake na mwajiri atafurahi sana kupata sababu halali ya kukufukuza aliyokuwa hana. Andika tu "chumba cha 4, zamu ya usiku", loya atazidai chati zenyewe kwa njia ya mahakama.